Utafiti wa jangwa la Chalbi na ukanda wa Ziwa Turkana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali tunayoulizwa karibu kila wiki, mengi na wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, mengine na watu waliopita huko mara moja na gari wakaona vumbi tu, wakarudi na maoni. Majibu mengine ni marefu manake swali lenyewe ni refu hata kama limeulizwa kwa maneno matatu.

Chalbi iko wapi, na ni jangwa la kweli ama watu wanasema tu?

Iko kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, katikati ya mlima Marsabit na Ziwa Turkana. Ukitoka Marsabit mjini unateremka kuelekea Maikona, Kalacha alafu North Horr. Na ndio, ni jangwa la kweli, mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 200 na jua na upepo vina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwa huo huo mwaka, sasa piga hesabu mwenyewe.

Ila usitarajie milima ya mchanga kama ya picha za Sahara. Mchanga wa kupeperushwa upo, hasa upande wa North Horr, lakini sehemu kubwa ni uwanja tambarare wa udongo na chumvi, mweupe mpaka macho yanauma, na kando yake mawe meusi ya volkano yametapakaa kilomita na kilomita. Juu ya haya yote kuna milima: Kulal inayopita mita 2,200, Marsabit yenyewe, na vilima vya Huri. Kule juu kuna ukungu asubuhi, Kulal na Marsabit kuna hadi misitu. Watu wengi wanaikata hiyo milima kwenye ramani yao ya utafiti ati kwa sababu si jangwa, alafu wanashangaa chemchemi za kule chini zinatoka wapi.

Ati zamani palikuwa ziwa?

Palikuwa ziwa. Baada ya enzi ya barafu kuisha Afrika ilipitia kipindi kirefu cha mvua nyingi, kikaja kuisha kama miaka 5,000 iliyopita. Wakati huo Ziwa Turkana lilisimama karibu mita 100 juu ya hapa lilipo leo, likafurika upande wa kaskazini magharibi mpaka maji yake yakafika Nile. Chalbi nayo ilikuwa na ziwa lake ambalo lilimwagikia Turkana. Ndio maana ukitembea pembeni ya jangwa unakanyaga makombe ya konokono wa maji baridi, na unaona tabaka za udongo mweupe mwepesi ambao kwa darubini ni maganda ya daiatomu, vile viumbe vidogo vya majini.

Na ndio maana pia samaki wa Turkana ni ndugu wa samaki wa Nile, sangara yumo, na mamba ni yule yule wa Nile. Hawakuletwa na mtu, njia ya maji ilikuwepo.

Nikiweka kipimo kimoja cha mvua pale North Horr si nitajua mvua ya Chalbi?

Utajua mvua ya North Horr, tena ya hapo ulipokiweka. Mvua ya jangwa inanyesha kwa mabaka. Wingu moja linamwaga maji kwenye bonde moja kwa saa moja, na watu walio kilomita 10 kutoka hapo wanaliona tu kwa mbali, kwao hata tone hakuna. Mwaka unaofuata mambo yanageuka. Kwa hivyo wastani wa mvua wa mwaka, ile namba tamu ya kuandika kwenye utangulizi, huku haina kazi kubwa. Mwenye ngamia haishi kwenye wastani, anaishi kwenye lile baka lililonyeshewa, na mimea ni hivyo hivyo, swala ni hivyo hivyo.

Ukiweka vipimo weka kadhaa, hata vya plastiki vya kawaida, kuliko kimoja cha bei ghali. Kama hutakuwa hapo kukisoma kila asubuhi tia matone machache ya mafuta ndani ya chombo, yataelea juu na kuzuia maji kukauka kabla hujafika, la sivyo milimita 4 za Jumatatu zitakuwa sifuri Ijumaa. Vile vya kujirekodi, vyenye kikombe kinachopinduka kila kikijaa, vinazibwa na vumbi, kwa hivyo lazima kuwe na mtu wa kuvisafisha. Zungushia miiba. Mbuzi atakikwaruza, ngamia atajikuna nacho, na mtoto akiona chombo kizuri cha kunywea maji kimekaa peke yake porini, ungefanya nini ungekuwa wewe?

Sina pesa ya kwenda huko. Naweza fanya utafiti kwa laptop tu?

Unaweza, na wengi wanafanya hivyo. Picha za setilaiti za Landsat ziko tangu 1972 na ni bure, Sentinel-2 ziko tangu 2015 na zinaonyesha kitu cha mita 10, MODIS inakupa ukijani wa mimea tangu 2000, na kwa mvua kuna data ya CHIRPS inayoanzia 1981, kila kijisanduku kama kilomita 5. Zote unazipata kwa mtandao, na kwa Google Earth Engine hata huhitaji kompyuta yenye nguvu.

Sasa mahali watu wanapoteleza. Kwanza, kile kipimo cha ukijani kinachoitwa NDVI huwa kinasumbua sana penye mimea michache, manake setilaiti inaona udongo zaidi ya majani, na udongo mweupe wa chumvi na jiwe jeusi la volkano havirudishi mwanga sawa. Tumia kipimo kilichorekebishwa kwa ajili ya udongo kama SAVI, ama angalau linganisha sehemu na yenyewe kwa miaka tofauti badala ya kulinganisha chumvi na mawe. Pili, kijani si chakula. Mathenge, kile kichaka cha miiba kilichovamia, ni kijani mwaka mzima, kwa setilaiti inapendeza kabisa, lakini muulize mwenye mbuzi. Tatu, nyasi za msimu zinaota na kufa ndani ya wiki chache, ukichukua picha moja ya Januari na moja ya Julai umeikosa misimu yote miwili ya mvua na utaandika kwamba hakuna kitu.

Kwa hivyo fanya kwa laptop lakini tafuta mtu aliye huko wa kukuambia ile rangi uliyoona ilikuwa nini. Simu moja inaweza kukuokolea sura nzima.

Maji ya huko yanatoka wapi kama mvua ni ndogo hivyo?

Hili ndilo swali letu tunalolipenda. Kuna njia tatu hivi.

Ya kwanza ni milimani. Mvua na ukungu vinaangukia milima, maji yanazama kwenye miamba ya volkano iliyojaa nyufa, yanatembea chini kwa chini polepole sana, alafu yanatokea pale lava inapokutana na udongo mzito wa lile ziwa la kale. Ukichora chemchemi kwenye ramani utaona zimejipanga pembeni ya Chalbi, Kalacha ikiwa mojawapo, na mikoma imesimama hapo kama bendera. Mkoma ukiuona kwa mbali kwa kawaida maji hayako mbali chini.

Ya pili ni laga. Laga ni mto usio na maji, yaani mchanga mtupu karibu mwaka mzima mpaka siku mvua inaponyesha juu huko, na hapo maji yanashuka kwa kishindo hata kama ulipo wewe jua linawaka. Baada ya hapo mchanga unahifadhi maji kwa miezi, jua haliyafikii kirahisi, na wafugaji wanachimba visima vya mkono humo humo. Ukitaka kujua hali ya msimu nenda pale kisimani uone watu wamesimama kwenye kina gani wakipandisha maji, mmoja anampa mwingine ndoo. Wakiongezeka mtu mmoja kwenye ngazi, maji yameshuka.

Ya tatu ni visima virefu vya pampu. Vimesaidia na vimeharibu pia, tutafika hapo.

Ukipima kina cha maji kwenye kisima cha pampu fika alfajiri kabla hawajawasha, teremsha ile tepi inayolia ikigusa maji, andika. Ukifika saa nne pampu ikiwa imeshavuta masaa matatu utapima shimo lililovutwa, si maji ya ardhini. Na ukichukua sampuli ya kupima aina za oksijeni na haidrojeni, ambazo ndizo zinakuambia maji yaliangukia juu ama chini na kama yalikauka njiani, suuza chupa mara tatu na maji yale yale, jaza mpaka juu kusibaki hewa, funga kabisa. Hewa kidogo kwenye joto lile inatosha kuyabadilisha, maabara watakuambia maji yako yametoka kwenye sufuria.

Ni salama kunywa?

Yanaweza kuwa safi kwa macho na yasifae. Shida kubwa mbili huku ni chumvi na floraidi, na floraidi huionji. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kwenye bonde la ufa kupita hapo ni jambo la kawaida, meno ya watu yenye madoa ya kahawia yatakuambia kabla ya mashine. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaiongeza kidogo kwa sababu maji yanapungua. Maji ya Ziwa Turkana yenyewe ni ya magadi, pH yake iko kama 9. Mgeni abebe yake.

Ngamia ana uvumilivu mkubwa wa chumvi kuliko ng'ombe. Ukiona kisima wanaletwa ngamia na mbuzi tu, hakuna hata ng'ombe mmoja, umeshapewa jibu kabla hujatoa kipimo kwenye begi.

Na yale maji mengi yaliyogunduliwa Turkana yaliishia wapi?

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya bonde la Lotikipi kuna akiba ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 200, magazeti yakaandika kana kwamba kiu ya Kenya imekwisha. Kisha kukachimbwa na kupimwa, na maji yaliyopatikana yakawa na chumvi nyingi mno kunywewa bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Radar na setilaiti zinaweza kukuelekeza mahali pa kutafuta. Haziwezi kuonja. Mtu akikuletea ramani ya maji ya ardhini muulize wamechimba visima vingapi vya majaribio, na kama jibu ni picha nyingine nzuri zaidi, funga hiyo simu.

Akiba ya Lodwar iliyotangazwa wakati huo huo ni ndogo zaidi, lakini iko karibu na mji na Mto Turkwel, na mji wa Lodwar unategemea visima vya ukanda huo. Ndogo inayonyweka ni bora.

Ziwa Turkana linakauka ama linafurika? Kila mtu anasema chake.

Wote wanaweza kuwa sahihi, inategemea mwaka. Ziwa halina mto unaotoka, maji yanaondoka kwa kukauka tu. Na karibu asilimia 90 ya yanayoingia yanaletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, Turkwel na Kerio ni ya kuongezea. Kwa hivyo mvua ya nyanda za juu za Ethiopia ndiyo inaamua ufukwe utakuwa wapi, hata Turkana kwenyewe pakiwa pakavu kabisa.

Bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo lilipoanza kujazwa 2015 maji ya ziwa yalishuka, na 2018 UNESCO ikaziweka mbuga za Ziwa Turkana, yaani Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Alafu miaka michache baadaye ziwa likapanda sana, pamoja na maziwa mengine ya bonde la ufa, likameza nyumba na barabara. Hapo watu wakasema mnaona, bwawa halina shida. Hapana jamani. Kiwango cha maji ni jambo moja, mpigo wa mafuriko ni jambo lingine. Samaki wengi wanazaliana wakifuata yale mafuriko ya msimu, yanayoleta matope na rutuba na kufunika majani ya ufukweni. Bwawa linasawazisha, linatoa maji kidogo kidogo mwaka mzima, na mashamba makubwa ya umwagiliaji kule Omo yanakunywa sehemu. Ziwa linaweza kuwa juu na bado likawa limebadilika.

Setilaiti za kupima urefu wa maji zinaliangalia tangu 1992, data ni bure, na mtu anayetaka tasnifu nzuri achukue ule mfululizo aweke na mvua ya Omo na upatikanaji wa samaki. Sio kila mtu lazima aende kuhesabu mamba.

Nilipita huko sikuona mnyama hata mmoja. Kwani mnasoma nini?

Ulipita saa ngapi? Saa sita mchana hakuna mwenye akili aliye nje.

Chukua choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu zilizonyooka. Mchana wa joto kali ngamia na choroa wanafanya kitu ambacho sisi kingetuua, wanaacha mwili upande joto badala ya kutoa jasho. Utafiti uliofanywa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha choroa anaweza kukaa masaa kadhaa joto lake likiwa kama nyuzi 45, huku damu inayoenda kwenye ubongo ikipozwa kwanza na ile iliyopita puani. Joto alilobeba anakuja kulitoa usiku, hewa ikipoa, bila kutumia maji. Na utafiti huo huo ukapata jambo lingine: kuna vichaka ambavyo mchana majani yake ni makavu ukiyafinya yanakuwa unga, maji hayafiki hata asilimia chache, lakini usiku hewa ikipoa yanavuta unyevu mpaka yanaweza kufika asilimia 40 hivi. Mnyama anayekula usiku amekula na kunywa. Kwa hivyo ukimfuata choroa mchana peke yake utaandika kwamba anaishi bila maji, na utakuwa umelala wakati anakunywa.

Firigogo naye, ndege wa nchi kame. Asubuhi wanashuka kwa makundi kwenye maji, na dume anaingia mpaka tumboni, anajitikisatikisa maji yaingie kwenye manyoya ya tumbo ambayo yamesokotwa kwa namna ya kunyonya, alafu anaruka kilomita nyingi kwenda kwa makinda, nao wanayanyonya hayo manyoya. Kwa aina iliyopimwa sana, ya kusini mwa Afrika, manyoya yanabeba mililita zaidi ya 20. Kaa kimya karibu na kisima kuanzia saa moja na nusu asubuhi na utaona mwenyewe, huhitaji ruzuku ya mtu.

Wengine: punda milia wa Grevy, mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya kibuluu, swala granti, swala twiga, digidigi kwenye vichaka, fisi wa milia usiku, mbweha, na nyoka na nge wa kutosha.

Mnawahesabuje wanyama mahali pakubwa hivyo?

Kwa ndege, kwa macho, kwa kamera na kwa kinyesi. Ndege ndogo inaruka chini kwenye mistari iliyonyooka, watazamaji wawili nyuma wanahesabu tu kilicho kati ya fimbo mbili zilizofungwa kwenye bawa, kwa sababu upana wa ukanda unaoonekana kati ya fimbo unajulikana, kisha inapigwa hesabu ya eneo zima. Serikali ya Kenya imekuwa ikihesabu hivi mifugo na wanyamapori wa nyanda kame tangu miaka ya 1970, na huo mfululizo ni hazina ambayo wanafunzi wetu hawaitumii vya kutosha. Digidigi huwezi kumhesabu hivyo, ni mdogo.

Punda milia wa Grevy ana njia yake. Milia ya kila mmoja ni tofauti, kwa hivyo mwaka 2016 wananchi, wanafunzi, walinzi na wanasayansi walitoka kwa siku mbili wakawapiga picha, upande wa kulia tu ili mmoja asihesabiwe mara mbili, programu ya kompyuta ikalinganisha milia na jibu likaja kama 2,350 nchini. Kenya ndiyo nyumbani kwa karibu wote waliobaki duniani. Upande wa kulia, jamani, kila mara kuna mtu anatuletea picha nzuri sana za upande wa kushoto.

Si wafugaji na mbuzi wao ndio wanaoleta jangwa?

Hili jibu linapendwa na watu wanaokaa mbali. UNESCO na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walianzisha mradi wa utafiti wa nyanda kame hapa Marsabit mwaka 1976, wakati hofu ya jangwa kusambaa ilikuwa kubwa baada ya ukame wa Sahel, na kazi ya namna hiyo ilionyesha jambo ambalo mzee yeyote wa Kigabra ama Kirendile angekuambia: uharibifu mkubwa uko kwenye duara linalozunguka vituo vya maji ya kudumu na miji midogo, pale watu na mifugo walipotulia, huku malisho ya mbali yenye nyasi yakikosa mnyama kwa sababu hakuna maji ama hakuna usalama. Kuhama ndiko kulikuwa kunalinda ardhi. Ukiweka pampu mahali palipokuwa malisho ya msimu, umefuta msimu.

Sisemi mifugo haina athari. Miti ya mgunga inakatwa kwa boma na makaa, na karibu na miji inaonekana wazi. Lakini mvua ikikosa misimu mitano mfululizo, kama ilivyokuwa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, hata bila mbuzi mmoja picha ya setilaiti itakuwa ya kahawia. Ukitaka kulaumu mifugo linganisha sehemu mbili zilizopata mvua sawa. Bila hivyo ni maoni.

Utafiti wote huu unawasaidia watu wa huko kweli?

Mara nyingine. Mfano mzuri ni bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit Januari 2010 na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pamoja na washirika, inayotumia ukijani wa setilaiti kuamua kama malisho yamekwisha, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011. Tatizo lake ni lile lile la mabaka: setilaiti inapiga wastani wa eneo kubwa, wewe upande wako hakukunyesha lakini jirani kulinyesha, wastani unasema sawa na hulipwi. Wafugaji waliligundua haraka kuliko sisi.

Mara nyingi zaidi mtafiti anakuja, anauliza maswali 80 kwenye karatasi, anaondoka, harudi. Tafadhali rudi, hata kwa siku moja, simama kwenye baraza ya chifu useme ulipata nini. Kama ulipima maji yao wana haki ya kujua floraidi ni ngapi kabla jarida halijajua.

Nahitaji vibali gani?

Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwanza, inaombwa mtandaoni, na mgeni lazima awe ameunganishwa na taasisi ya Kenya. Kama unagusa wanyamapori ama hifadhi ongeza ruhusa ya wanaosimamia wanyamapori, yaani WRTI kwa utafiti na KWS kwa hifadhi. Kuchukua mimea ama sampuli za kijenetiki kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na idhini ya wenyeji. Kuchimba visukuku na vitu vya kale ni Makumbusho ya Taifa. Droni ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ukishapata yote hayo bado unapita kwa kamishna wa kaunti na chifu, na usiruke wazee. Anza mapema, miezi sio wiki.

Naweza kuokota jiwe zuri ama mfupa wa kale?

Hapana. Sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi inakataza, na mfupa ukishaondolewa mahali pake umepoteza tabaka lake la majivu ya volkano, ambalo ndilo linatoa umri. Piga picha, chukua GPS, toa taarifa. Yule kijana wa Nariokotome aliyepatikana 1984, mifupa ya binadamu wa kale iliyo karibu kamili, alianza na kipande kidogo cha fuvu kilichoonwa na Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku wa Kenya, kisha timu ikachimba.

Nije mwezi gani?

Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, fupi Oktoba mpaka Desemba, zikija. Kwa mimea na ndege njoo wiki mbili tatu baada ya mvua. Kwa visima na wanyama wanaokusanyika kwenye maji njoo mwisho wa kiangazi. Kama una safari moja tu usiandike neno "mabadiliko" kwenye kichwa cha kazi yako, kwa sababu hujaona mabadiliko, umeona siku.

Usalama je?

Joto ndilo adui wa kila siku, weka angalau lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku na akiba ya siku mbili juu ya hapo. Kuna wizi wa mifugo unaogeuka vita, kwa hivyo uliza habari za njia asubuhi ile ile, za jana zimeshapitwa. Usipige kambi ndani ya laga hata kama mchanga unapendeza. Tikisa viatu asubuhi, usiku tembea na tochi kwa sababu ya kifutu na wenzake.

Na Chalbi yenyewe baada ya mvua, sikiliza hapa. Juu inaonekana kavu, nyeupe, imepasuka vipande vipande, gari linapita vizuri kama uwanja wa ndege, ukiwa katikati lile gamba la chumvi linakatika na chini yake ni tope zito linaloshika Land Cruiser mpaka mhimili. Hakuna mti wa kufungia winchi. Fuata alama za magari ya karibuni, nenda magari mawili, na dereva wa North Horr akikuambia zunguka, zunguka, hata kama GPS inasema ni kilomita 40 tu moja kwa moja.

Upepo ni mkali kiasi gani?

Wa kutosha kuendesha mitambo 365 karibu na Loiyangalani, megawati 310. Unapita kwa nguvu kwenye mkondo kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, na usiku hadi asubuhi mara nyingi ndio mkali zaidi. Hema la bei rahisi halitamaliza usiku wa kwanza, na karatasi za dodoso zifungie kwenye ubao.

Kiswahili kinatosha?

Mjini ndio. Kwenye fora za ngamia, yaani kambi za kuhamahama za wachungaji, utahitaji mtu wa Kigabra, Kirendile, Kiturkana ama Kisamburu kutegemea upande, na mlipe kama mtafiti mwenzako, jina lake liingie kwenye ripoti kama mwenyewe anataka.

Kuna network?

Kwenye miji midogo ipo, katikati hakuna. Pakua ramani na picha za setilaiti kabla hujatoka Marsabit, acha ratiba yako kwa mtu atakayejua uliahidi kufika wapi na lini, na kama unaweza kukodi simu ya setilaiti, kodi.